Vyumba vinne vya meli kwenda Alaska: uzoefu wangu na mama, watoto na familia ya kaka

Mwenye miguu mibovu kuliko wote ndiye achaguliwe chumba kwanza, kisha wengine mpangwe kumzunguka yeye. Hilo ndilo ningemwambia mtu yeyote anayetaka kumpandisha mzazi wake meli ya kitalii. Kiangazi tulitoka Seattle kwenda Alaska kwa wiki moja: mamangu aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, mdogo wake, mimi na mume wangu, watoto wetu watatu, na kaka yangu aliyekuja na mkewe na mtoto wao ambaye hata kutambaa alikuwa bado. Meli siitaji jina. Karibu kila ninaloeleza hapa utalikuta kwenye meli yoyote kubwa ya njia hiyo.

Wakala wa kwanza tuliyempigia simu alitaka kutuuzia chumba cha kifahari, ghorofa za juu, upande wa omo, yaani mbele ya meli, chenye sebule na roshani ndefu, eti familia ikae pamoja. Picha zilipendeza. Lakini sisi tulikuwa tunahesabu vyoo. Mama huamka usiku mara kadhaa, na mdogo wake ana sukari, naye huamka pia. Ukiwapanga wazee wawili na watoto kwenye sebule yenye choo kimoja au viwili, atakayesubiri mlangoni saa tisa za usiku ni mzee, kwa sababu mzee ndiye hasemi. Tukaachana na sebule, tukachukua vyumba vinne vidogo.

Cha mama kilikuwa cha dirisha, kati ya vile vilivyotengewa wenye ulemavu au shida ya kutembea. Vyumba hivi havipo vingi melini na huisha mapema; sisi tulikiweka karibu mwaka mzima kabla. Kampuni hukutumia fomu ueleze anayekaa ana shida gani na anatumia kifaa gani, na hiyo ni haki kabisa, maana kuna watu huvichukua kwa sababu ya ukubwa tu na mwenye kiti cha magurudumu akakosa.

Tofauti yake utaiona bafuni. Chumba cha kawaida cha meli kina bafu dogo sana, na ili uingie unavuka kizingiti kirefu kama upana wa kiganja. Ukishavuka hicho, kuna kingine cha mahali pa kuogea, na pazia linalokunata mwilini. Kijana haoni kitu. Mtu wa magoti, usiku, meli inayumba, usingizi bado machoni, hapo ndipo anapoanguka. Kwenye chumba cha mama sakafu ilikuwa sawa kuanzia kitandani hadi chini ya bomba, vyuma vya kushikilia vilizunguka kuta, na kulikuwa na kiti cha kukunjua ukutani na bomba la mkononi lenye mpira mrefu.

Siku ya kwanza nilisimama nje ya mlango nikamsikiliza. Nyumbani kwangu mama hatawadhi bila mtu kumshika, kwa sababu kuinua mguu hadi kwenye sinki hawezi, na kuinama kwenye beseni hawezi. Hapa alikaa kwenye kile kiti, akashika bomba, akaosha miguu yote miwili hadi vifundoni, akafunga maji mwenyewe. Nilipomuuliza kama anataka nimsaidie akanijibu, "Mwanangu, nenda kwa watoto wako." Wiki nzima hakuniita bafuni. Kwangu mimi hapo fedha yangu ilikuwa imekwisha kurudi, kabla hatujaona barafu wala nyangumi.

Jambo la pili ni mahali chumba kilipo. Meli zinazotoka Vancouver hupita ndani, kwenye mlango wa bahari uliokingwa na visiwa. Zinazotoka Seattle kwa kawaida hupita nje ya Kisiwa cha Vancouver, kwenye Pasifiki wazi, na mawimbi ya huko ni makubwa hata hali ya hewa ikiwa nzuri. Meli kubwa zina mabawa chini ya maji ya kuzuia kulala ubavu huu na ubavu ule. Hayazuii omo kupanda na kushuka. Wahenga wetu walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, ngama ni tumbo lake la chini), na mwenye kichefuchefu vilevile dawa yake ni kukaa katikati na chini, mahali ambapo chombo hakichezi sana. Basi mama tulimweka katikati kabisa, ghorofa ya chini ya vyumba vya abiria, hatua chache kutoka lifti. Hatua ndizo muhimu: korido ya meli ya zaidi ya mita mia tatu, kwa mtu wa mkongojo, ni safari ya peke yake.

Kaka yeye alipenda juu na mbele, roshani, aone kule tunakokwenda. Usiku wa kwanza baharini glasi ziliteleza mezani kwake, wifi yangu akatapika, na kabla ya alfajiri akashuka na mtoto akalala kwenye kochi la chumba cha mama, ambako maji kwenye bilauri yalikuwa yanatikisika kidogo tu. Halafu kukawa na la pili. Juu ya dari ya kaka palikuwa mkahawa wa kujihudumia, na saa kumi na moja za asubuhi wafanyakazi huanza kuburuta viti kufagia. Kila asubuhi. Ukiwa na mtoto mchanga aliyelala saa nane, kelele hizo ni adhabu. Ramani za ghorofa zinapatikana bure kwenye tovuti za kampuni zote. Kabla ya kulipa, tazama chumba chako, kisha ghorofa ya juu yake, kisha ya chini yake. Ukiona vyumba juu na vyumba chini, utalala. Ukiona jiko, ukumbi wa muziki, bwawa au nafasi nyeupe isiyoandikwa kitu, tafuta kingine.

Na ndiyo maana msikubali kile chumba wanachokuuzia bila namba, kwamba watakupangia wao baadaye. Bei yake huwa nafuu, na kwa vijana wawili ni sawa. Kwa familia yenye mzee haifai hata ikipungua nusu, kwa kuwa mnaweza kutupwa mmoja omo na mwingine tezi.

Sisi, mimi na mume wangu na binti yetu mdogo, tulilala chumba kinachopakana na cha mama. Nilikuwa nimetaka vyenye mlango wa kati, ila vile vya wenye ulemavu kwenye meli hiyo havikuwa navyo. Hatukuukosa. Mama aligonga ukuta, nasi tukasikia. Hata familia nyingi zinazopata vyumba vya mlango wa kati hulalamika kwamba mlango wenyewe hupitisha kila sauti ya runinga.

Watoto wakubwa, wa kiume wa miaka kumi na sita na dada yake wa kumi na moja, tuliwaweka ng'ambo ya korido, chumba cha ndani kisicho na dirisha. Kampuni za Marekani kwa kawaida hutaka kila chumba kiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi, isipokuwa watoto wako chumba cha jirani au cha mkabala na wazazi, na masharti yake hutofautiana. Tulichofanya ni kuandikisha jina la mume wangu kwenye chumba cha watoto, kisha tulipofika mapokezi tukaomba kadi za ziada za milango, wakatupa bila swali. Ni jambo wanaloombwa kila wiki. Kumbukeni pia kwamba chumba chenye kitanda cha tatu kinaweza kukataliwa kwa mtu wa tatu, kwa sababu idadi ya watu kila eneo la meli inafungwa na nafasi za mashua za kuokolea. Anayechelewa kuongeza mtoto kwenye nafasi aliyokwisha kuweka anaweza kukosa.

Hicho chumba cha ndani nitakisifu. Mwishoni mwa Juni, Juneau jua huzama baada ya saa nne za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi za alfajiri. Binti yetu mdogo, aliyekuwa na dirisha, alikataa katakata kwamba ni usiku. Wale wa ndani wakizima taa ilikuwa giza totoro, wakalala hadi tukawaamshe kwa chai. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya roshani ya kaka, na Alaska mtoto wa umri huo hakai chumbani.

Kuhusu roshani sitaki kuwa mkali sana. Wifi yangu aliipenda mchana: mtoto amelala ndani, wao wamejifunika mablanketi nje, hakuna anayelazimika kupanda kwenye baridi ya juu. Lakini kama mnanunua roshani kwa ajili ya barafu, fikirini tena. Kwenye hifadhi ya Glacier Bay huruhusiwa meli kubwa mbili tu kwa siku, na ikifika mbele ya barafu ya Margerie, ambayo upana wake unakaribia maili moja, meli hujigeuza polepole ili kila upande uone. Mama aliona kutoka dirishani mwake, amekaa kitini, na shali begani, ukuta wa barafu wa buluu ukipita mbele yake kutoka kushoto hadi kulia. Kipande kilipoanguka majini tulisikia mlio wake kwanza tukadhani ni radi. Alisema "Subhanallah" mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Kibla kilitushughulisha kidogo. Dira ya simu ndani ya chumba cha chuma huongopa, na meli nayo hugeuka. Tulitumia ramani ya kwenye runinga ya chumba, inayoonyesha omo limeelekea wapi. Tukiwa kwenye maji ya Juneau kibla kilikuwa kaskazini, karibu sawasawa, na mama akafurahi mno, kwani Mombasa pia tunaelekea kaskazini. Kwa hiyo kila alipouliza tulimwonyesha kaskazini ya chumba ni ipi, akajua la kufanya.

Kushuka bandarini, ulizeni mapema kama meli inafunga gatini au inatia nanga nje na kuwapeleka watu kwa mashua. Mashua na kiti cha magurudumu havipatani. Sisi tulifunga gatini kote, Ketchikan, Juneau na Skagway, lakini huko maji hupwa na kujaa kuliko hata kwetu Mombasa, kwa hiyo ngazi ya kushukia asubuhi inaweza kuwa mteremko mkali na mchana ikawa tambarare. Watu wa mapokezi wanajua saa. Tuliwauliza kila siku, tukamtoa mama wakati huo, na Skagway alipanda treni ya White Pass, ile reli iliyokamilika mwaka 1900 enzi za wachimba dhahabu.

Kuna jambo moja la karatasi ambalo litawaumiza Wakenya wasipolijua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya bendera ya nje kuwabeba abiria kutoka bandari ya Marekani na kuwarudisha bila kugusa nchi nyingine, ndiyo maana safari za Seattle kwa kawaida husimama Victoria, Kanada, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Mkenya, hata akiwa na viza ya Marekani, bado anahitaji viza kamili ya Kanada. Kampuni huikagua Seattle kabla hujapanda. Mama na mama mdogo walizitafuta Nairobi kabla ya kuja huku.

Kwa upande wa fedha, bei ya tangazo huwa ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili. Wa tatu na wa nne chumba hicho mara nyingi hulipa pungufu, na ndiyo sababu binti yetu mdogo alilala nasi. Wekeni akilini bahashishi inayokatwa kwa kila kichwa kila siku, mara nyingi zaidi ya dola 15. Kwa watu wengi hivyo inafika bei ya tiketi nyingine nzima.

La mwisho ni kiti cha magurudumu chenyewe. Viti vya meli ni vya kupandia na kushukia tu, hawakuachii wiki nzima. Sisi tulikodi kwa wanaokodisha vifaa hivyo, tukakikuta chumbani. Pimeni upana wake kabla ya kuweka nafasi: mlango wa chumba cha kawaida una sentimita 60 hivi, kiti kilichofunguliwa hakipiti, na kukiacha kwenye korido hawaruhusu kwa sababu ya njia ya dharura. Mlango wa mama ulikuwa mpana, kikaingia na mwenyewe akiwa amekaa.