Soksi za sufu nilizopanda nazo Mlima Elgon: za mitumba, za dukani na za Molo

Niseme mapema ili mwenye haraka aende zake. Kati ya jozi tatu nilizovaa kwenye baridi ya Elgon, iliyoshinda ni ya mitumba, ya unene wa kati, niliyoichakura soko la Kibuye, Kisumu, kwa shilingi 150. Ile nene kuliko zote, iliyonunuliwa mpya dukani kwa 900, ndiyo iliyoniacha na vidole vilivyokufa ganzi. Ya tatu, iliyofumwa kwa mkono Molo, kule nyanda za baridi za Nakuru, siivai kutembea kabisa, lakini usiku siwezi kulala mlimani bila hiyo.

Naishi Kisumu. Huku ukitaja soksi za sufu watu wanakuuliza kama umeanza kuugua malaria. Tunalala na feni, madirisha wazi, na kitu kizito kabatini ni sweta ya shule ya mtoto. Ndiyo maana wengi wetu tunapoalikwa kupanda mlima tunabeba soksi zilezile za pamba za kwenda ofisini, tukidhani baridi ni jambo la koti.

Hebu piga hesabu kidogo. Ukipanda juu, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Koitoboss, ambacho ndicho wapandaji wengi wa upande wa Kenya hukiendea, kiko mita 4,222. Tofauti hiyo ni takriban nyuzi 20. Jua la Kisumu likiwa linakupa 29, kule juu una 9, tena bado hujaongeza upepo. Na msimu tunaopenda kwenda, Desemba hadi Machi, mvua inapopungua na njia kukauka, ndio huo huo ambao anga la usiku huwa jeupe bila wingu la kuzuia joto lisipotee. Asubuhi unakuta nyasi zimevaa barafu.

Kabla sijanunua chochote nilisoma maoni ya watu mtandaoni. Mengi yameandikwa na wawindaji wa Marekani na Kanada, na karibu wote wanakwambia chukua soksi nene kuliko zote utakazopata. Kwao ni sawa. Mwindaji wa kule hupanda kwenye jukwaa juu ya mti kabla ya alfajiri, akakaa kimya akingoja paa apite. Damu haichemki, mguu hauna kazi, kwa hiyo anahitaji blanketi la mguu. Sisi uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo swali la mwindaji si letu. Labda soja wa usiku kule kwenye baridi ya Timboroa, au mtu anayekamua ng'ombe Molo saa kumi alfajiri, ndiye wa kufuata ushauri huo. Mpandaji mlima shida yake ya kwanza ni jasho. Unapanda mteremko ukiwa umepata moto, soksi inaloa kutoka ndani, halafu mnasimama kupumzika dakika kumi, upepo unakuja, na ule unyevu unageuka kuwa baridi inayotafuna kuanzia kidole gumba.

Hapo ndipo sufu inapojitofautisha na pamba. Uzi wa sufu unaweza kufyonza mvuke wa jasho hadi karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ukiushika usihisi umeloa. Isitoshe, unapofyonza unatoa joto kidogo. Halafu una mikunjo midogo midogo ya asili inayoshikilia hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayokinga baridi. Pamba ikishaloa inalala kwenye ngozi, hewa imeisha, na haikauki hadi urudi nyumbani. Malengelenge pia huanzia hapo, kwa sababu ngozi iliyoloa husuguka vibaya.

Sasa twende sokoni. Kibuye nilienda Jumapili, siku ambayo soko linafurika hadi barabarani. Soksi za mitumba huwa zimemwagwa kwenye turubai, rundo moja, zilizo na mwenzake na zisizo na mwenzake. Usiende kwa rangi wala kwa unene. Geuza soksi ndani nje. Ndani ya nyayo, soksi nzuri ya kutembelea ina vinyuzi vilivyosimama kama taulo, na mshono wa kwenye vidole ni bapa, hauhisiki ukipitisha kidole. Nje, vuta ukingo wa juu uone kama bado unarudi. Halafu tafuta maandishi. Nyingine zina lebo ya kitambaa ndani, nyingine asilimia zimechapwa pale pale kwenye nyayo, nusu zimefutika.

Yangu nilisoma hivi: merino, yaani sufu laini ya kondoo wa jina hilo, asilimia 64, nailoni 33, na kilichobaki ni uzi wa kuvutika. Wengi wanafikiri asilimia mia ya sufu ndiyo bora. Mimi naikimbia. Sufu tupu kwenye kisigino cha mtu anayeshuka mawe siku nzima inatoboka upesi, nailoni ndiyo inayoishikilia. Kati ya asilimia 60 na 75 ya sufu kwangu inatosha, na ikishuka chini ya nusu naanza kuona inavyochelewa kukauka au inavyonuka. Kuhusu kunuka, hili linawashangaza watu: merino unaweza kuivaa siku mbili tatu mfululizo na wenzako wa hema wasikufukuze.

Kama lebo haipo, kuna kiberiti. Nilichomoa nyuzi kadhaa zilizolegea za soksi moja isiyo na maandishi, nikasogea kando, nikawasha.

"We kastama, sasa unanichomea mali?" Mama mwenye turubai alikuwa ameshasimama.

"Mama, ni uzi tu. Nataka kujua kama ni sufu."

"Soksi ni soksi. Mia na hamsini, chagua."

Uzi ulishika moto shingo upande, ukazima wenyewe nilipoondoa kiberiti, ukaacha harufu ya nywele zilizoungua na majivu meusi yanayosagika kwa vidole. Hiyo ni sufu, maana sufu na nywele zimeumbwa kwa kitu kimoja. Ingekuwa akriliki au poliesta, nyuzi za kiwandani, ungeona inayeyuka, inachuruzika, halafu inaganda tone gumu ambalo huwezi kulivunja kwa kucha. Mama alisogea akanusa naye, akacheka, akaniambia basi hizo zenye harufu ya nywele sasa ni mia mbili. Tukaelewana kwenye 150 kwa sababu nilichukua na jozi nyingine.

Ile ya dukani nilifanyia jaribio hilo hilo nilipofika nyumbani, na nilikasirika. Kadi yake ya nje ilikuwa na picha ya mlima wenye theluji na neno sufu kwa herufi kubwa. Uzi ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, ukaacha shanga ngumu. Labda kuna sufu kidogo mahali fulani mle ndani, mimi sikuipata. Nilirudi dukani, muuzaji akanijibu kwamba bidhaa ikishatoka hairudi. Duka silitaji, ila nakushauri usilipe pesa ya sufu kwa sababu ya picha ya kwenye kadi. Dai asilimia zilizoandikwa, na kama hazipo, weka chini.

Hata hivyo niliibeba Elgon, nione. Tuliingia kwa lango la Chorlim, upande wa Kitale, tukiwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki, na gari likatupandisha kupita msitu na mianzi hadi ilipoishia njia. Kutoka hapo ni miguu. Huko juu miti imeisha, umebaki na nyasi za mafundo, lobelia ndefu kuliko mtu, na mabonde yenye tope ambalo linaonekana kavu hadi ulikanyage. Siku ya kwanza nilivaa ya Kibuye. Mguu wa kushoto ulizama hadi juu ya buti, maji yakaingia. Kwa dakika chache nilisikia baridi kweli, sitakudanganya. Kisha tukaendelea kupanda, na mguu ukarudi kuwa na joto ingawa soksi ilikuwa bado imeloa. Nilipoivua jioni nikaikamua, ngozi ilikuwa imejikunja kidogo lakini hakuna lengelenge hata moja. Mwenzangu aliyevaa pamba alikuwa na mawili kwenye kisigino, moja limeshapasuka.

Kesho yake nikavaa ile nene. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii. Buti zangu nilizinunua nikiwa na soksi ya kawaida, namba 9. Soksi nene ilipoingia, nafasi ya vidole ikaisha. Damu ikibanwa haifiki vidoleni, na damu ndiyo inayoleta joto, soksi kazi yake ni kulizuia lisitoroke tu. Kwa hiyo unaweza kuongeza unene na ukaongeza baridi. Tulipokaa chini ya miamba karibu na Koitoboss kunywa chai ya chupa, nilijaribu kuchezesha vidole ndani ya buti, nikavisikia kama vya mtu mwingine. Kulegeza kamba kulisaidia kiasi. Jasho nalo halikuwa na pa kwenda, soksi ikawa inateleza ndani kama imepakwa sabuni.

Kwa hiyo ukienda kununua buti, iwe mpya au mitumba, nenda na soksi utakayovaa mlimani. Vaa, funga kamba, piga ncha ya buti sakafuni. Vidole visiguse mbele, na uweze kuvikunja na kuvikunjua bila kupigana. Nenda jioni, mguu huwa umevimba kidogo baada ya kutwa.

Niseme sasa kuhusu Molo. Kule kondoo wa sufu wamefugwa miaka mingi, na ukiuliza utapata akina mama wanaofuma. Jozi yangu ililetwa na jamaa anayeishi Nakuru, rangi ya maziwa, nzito, ndefu hadi karibu na goti. Ni sufu kweli, sihitaji kiberiti, maana ikiloa inanuka zizi. Bado ina mafuta ya kondoo kwenye uzi. Tatizo lake ni kwamba inawasha. Uzi wa merino laini una unene wa maikroni 20 hivi au chini (maikroni elfu moja ni milimita moja), kwa hiyo ncha zake hujikunja zikigusa ngozi. Ukikaribia maikroni 30 na zaidi, ncha hazijikunji, zinachoma. Ukitembea nazo saa nzima utasimama njiani ujikune muundi mbele za watu. Halafu hazina nailoni wala uzi wa kuvutika, zinateremka hadi kwenye kifundo.

Lakini usiku, ndani ya hema, juu ya soksi nyembamba ya pamba kavu iliyokaa begi siku nzima? Sijawahi kuvaa kitu cha mguu chenye joto namna ile. Mguu umelala, hausuguliwi, haubanwi na buti, na ile nafasi yote imejaa hewa. Kwa wale wa Molo wanaovaa gamubuti shambani alfajiri nadhani ni nzuri pia, mradi gamubuti iwe kubwa na ubadilishe mchana, kwa sababu mpira hautoi jasho nje.

Kufua ndiko wengi wanakoziharibia. Usiloweke kwa maji moto, wala usizisugue kwa mche wa sabuni kama suruali ya jinzi. Sufu ikipata joto na msuguano nyuzi zake hushikana zisiachane tena, na soksi ya mtu mzima inatoka beseni ikiwa ya mtoto wa nasari. Maji baridi, sabuni kidogo, bonyeza, suuza, kamua bila kusokota, anika kivulini. Sabuni za unga zinazojisifu kwa kula madoa sizitumii, baadhi zina vimeng'enya vinavyokula protini, na sufu ni protini. Mlimani usizikaushe kwa moto, nimeona ya mtu ikikakamaa upande mmoja. Na ukirudi nyumbani zifue kabla ya kuziweka, kwa sababu nondo hupenda kutagia kwenye sufu yenye jasho. Mimi nazifunga kwenye mfuko wa plastiki wa zipu.

Mpya za merino zenye jina nimeziona Nairobi kwenye maduka ya vifaa vya milima, jozi moja zaidi ya 2,000. Sina ugomvi nazo. Nimezishika, ni laini, na kama unapanda kila mwezi zitajilipa. Kwa anayekwenda mara moja moja kutoka Kisumu, Kakamega au Nakuru, pesa hiyo ningeiweka kwenye buti zenye nafasi, soksi nikazitafuta kwenye turubai kwa subira.

Jozi yangu ya Kibuye sasa imeanza kuwa nyembamba kwenye kisigino cha kulia, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona ng'ambo. Nimeishona kwa uzi wa sufu nilioomba kwa yule jamaa wa Nakuru, na imeshika. Kila Jumapili nikipita Kibuye nachungulia lile rundo. Nikipata nyingine ya merino ya namba 9, hata aseme mia tatu, nalipa.