Kumtafuta mkesha wa madoadoa katika magofu ya Gede: uzoefu wangu

Wapenzi wengi wa ndege wanaofika Watamu huelekea moja kwa moja Msitu wa Arabuko-Sokoke. Mimi nilimlipa mwongozaji wa pale pale Gede, kwa asubuhi moja ya Julai, anipeleke ndani ya magofu ya mji huo wa kale wa Waswahili kumtafuta ndege aitwaye mkesha wa madoadoa, ambaye wataalamu humwita Geokichla guttata na ambaye ameorodheshwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Katika pwani ya Kenya ndege huyu huja kama mgeni tu, takribani kuanzia Aprili hadi Novemba, kisha hurudi kuzaliana kusini, ikiwemo misitu ya Rondo mkoani Lindi.

Kilichonifanya nione pesa zangu hazikupotea ni masikio ya mwongozaji huyo. Hakucheza sauti ya ndege kwenye simu, na nilimheshimu kwa hilo. Alinikalisha kwenye kivuli cha ukuta wa mawe ya matumbawe, karibu na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, akanitaka nisikilize majani makavu. Yalipochakarika niliinua kamera, naye akaninong'oneza: "Huyo ni sengi, dada. Mkesha anapindua jani, anasimama, anatazama, ndipo anapindua jingine." Punde akapita huyo sengi, mnyama mdogo mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, akichokora ardhi kwa pua yake ndefu.

Mkesha mwenyewe alijitokeza baadaye kwenye mizizi ya mti mkubwa: mgongo wa hudhurungi, mistari miwili myeupe kwenye bawa, na kifua cheupe kilichojaa madoa meusi kama matone ya wino. Alifanya vile vile nilivyoelezwa, na ule muda mfupi anaposimama ndio pekee unaofaa kubonyeza. Mwanga chini ya miti ni haba mno. Kwa lenzi ya milimita 400 nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 6400, na kwa kuwa mwongozaji alikataza flashi, picha zina chengachenga. Hata hivyo jicho la ndege limetoka vizuri, nami sitaki zaidi.

Kasoro zipo. Bei niliyotajiwa haikujumuisha kiingilio cha magofu, jambo nililoambiwa tukiwa tayari langoni, na darubini ya kuazima ilikuwa na ukungu ndani ya kioo, kwa hiyo afadhali uende na yako. Fikeni mapema pia, kwa sababu makundi ya wanafunzi yakishaingia na kima wakaanza kufuatilia ndizi za wageni, ndege wa chini hujificha.

Anayetaka orodha ndefu ya ndege kwa siku moja huduma hii haitamfaa. Aende Arabuko-Sokoke au Hori ya Mida. Kwa mkesha, panga safari kati ya Juni na Septemba. Nilipouliza kuhusu Desemba, mwongozaji alikataa hata kunitajia bei.