Medicare ya asili au Medicare Advantage? Tathmini ya bima ya serikali kwa waliotimiza miaka 65 Marekani

Mzee anayeishi Marekani akikaribia miaka 65, sanduku lake la barua hujaa vipeperushi vya bima, na vingi vinatangaza mpango wa dola sifuri kwa mwezi. Mpango huo upo kweli, si utapeli. Ila sifuri hiyo ni ada ya mwezi peke yake, na katika Medicare ada ya mwezi haikuambii mengi. Namba ya kuulizia ni nyingine: mzee akiugua sana, atalipa kiasi gani mwaka mzima, na nani atakuwa na sauti juu ya daktari anayemtibu?

Njia ni mbili tu. Unabaki na Medicare ya asili inayoendeshwa na serikali, ukaiongezea mpango wa dawa na bima ya kuziba mapengo. Au unaiweka mikononi mwa kampuni binafsi ikusimamie kila kitu chini ya jina la Medicare Advantage, yaani Sehemu C. Herufi zote mnazosikia, A, B, C, D, zinaangukia humo.

Tuanze na ya asili. Sehemu A ni ya kulazwa hospitali. Aliyefanya kazi na kulipa kodi ya Medicare kwa robo 40, yaani kama miaka 10, yeye au mwenzi wake, haitozwi ada ya mwezi. Sehemu B ni ya madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Mwaka 2026 ada yake ya kawaida ni dola 202.90 kwa mwezi, na wenye kipato kikubwa huongezewa. Kabla B haijaanza kulipa, unatoa mwenyewe dola 283 kwa mwaka. Kabla ya A, unatoa dola 1,736, na hapa wengi huteleza: kiasi hicho hakihesabiwi kwa mwaka bali kwa kila kipindi cha ugonjwa. Ukitoka hospitali, ukakaa siku 60 bila kulazwa, kisha ukalazwa tena, unalipa upya.

Sifa yake kubwa ni uhuru. Daktari yeyote anayepokea Medicare, jimbo lolote, unaingia bila barua ya rufaa, na ni mara chache sana kuomba kibali kwanza. Kasoro yake kubwa ni asilimia 20. Baada ya zile dola 283, B inalipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa, nawe unabaki na 20 isiyo na ukomo. Matibabu ya saratani ya dola 40,000 yanakuachia deni la 8,000. Yakifika 100,000, deni ni 20,000. Kubaki na A na B bila kitu kingine ni sawa na kujenga nyumba ukaacha paa.

Paa hilo ndilo Medigap, ile bima ya kuziba mapengo. Inauzwa na kampuni binafsi, lakini masharti yake yamepangwa kwa herufi, na herufi moja ina mafao yaleyale kwa kampuni zote (isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin, ambako utaratibu ni tofauti). Kwa hiyo ukishachagua herufi G, kilichobaki kulinganisha ni bei na historia ya kampuni ya kuipandisha. Maneno matamu ya wakala hayaongezi chochote ndani ya G. Kwa anayeanza sasa, G ndiyo yenye mafao mapana zaidi: mzee wa saratani hapo juu angelipa dola 283 za B, basi. N ni ya bei ya chini kidogo, ila una mchango mdogo ukimwona daktari na unaweza kudaiwa ziada na daktari asiyekubali bei ya Medicare. Herufi F na C za Medigap (C hii si Sehemu C) hazipatikani tena kwa waliofikia sifa za Medicare kuanzia tarehe 1 Januari 2020. Ukisikia jirani anaisifu F yake, usihangaike kuitafuta.

Sasa jambo ambalo vipeperushi havilisemi. Medigap ina dirisha la miezi 6, linaloanza mwezi ambao una miaka 65 na B yako imeanza kazi. Ndani ya dirisha hilo kampuni hairuhusiwi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya kisukari, moyo au figo. Likifungwa, katika majimbo mengi kampuni inaweza kukuuliza afya yako na kukufungia mlango. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine zina ulinzi mpana zaidi. Kwingineko ulinzi ni wa hali chache maalumu. Maana yake, kutoka Medigap kwenda Advantage ni rahisi kila mwaka, lakini kurudi kunaweza kukwama. Kuna mlango mmoja mdogo: aliyejiunga na Advantage mara tu alipopata Medicare akiwa na miaka 65 anaweza kubadili nia ndani ya miezi 12 ya kwanza na kununua Medigap bila maswali ya afya.

Advantage yenyewe ina mazuri yake. Ina ukomo wa kisheria: mwaka 2026 hakuna mpango unaoweza kukulipisha zaidi ya dola 9,250 kwa matibabu ya A na B ndani ya mtandao wake (madaktari na hospitali zenye mkataba nao), na mipango mingi huweka ukomo wa chini ya hapo. Mara nyingi dawa zimo humo humo, pamoja na kidogo cha meno na miwani. Ada ya B unaendelea kuilipa, hata mpango ukiitwa wa sifuri. Unachotoa badala yake ni uhuru: orodha ya madaktari ya mpango, rufaa kwa mipango ya aina ya HMO (inayokubana ndani ya mtandao), na vibali vya awali kwa vipimo vikubwa, kulazwa au kwenda kituo cha kurejesha nguvu. Mzee mwenye afya njema anaweza kukaa miaka bila kukutana na ukuta huo. Anakutana nao siku ya kiharusi, familia inaposubiri kibali cha mazoezi ya viungo.

Kwa hiyo, usiulize mpango kama “unamkubali” daktari wako. Chukua jina kamili la mpango pamoja na namba yake, piga simu kwenye dawati la malipo la kliniki, uliza kama wamo kwenye mtandao wa mpango huohuo kwa mwaka unaofuata. Kampuni moja inaweza kuwa na mipango kadhaa katika kaunti moja, na daktari akawa kwenye mmoja tu. Fanya hivyo pia kwa hospitali.

Dawa ni Sehemu D. Tangu mwaka 2025 kuna ukomo, na mwaka 2026 ni dola 2,100 kwa mwaka kwa dawa zilizo kwenye orodha ya mpango. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi. Huu ndio uboreshaji mkubwa kuliko wote wa miaka ya karibuni. Kulinganisha kunafanyika kwenye tovuti ya Medicare.gov: ingiza jina la kila dawa kama lilivyo kwenye chupa, nguvu yake kwa miligramu, idadi ya vidonge kwa mwezi, kisha maduka ya dawa unayotumia. Panga matokeo kwa jumla ya mwaka, yaani ada na dawa pamoja. Mpango wa ada ndogo mara nyingi hushuka chini kwenye orodha hiyo ukishaweka dawa halisi. Na angalizo: aliye kwenye Advantage ya HMO au PPO (aina inayoruhusu madaktari wa nje ya mtandao kwa gharama ya juu) akinunua mpango wa dawa wa peke yake, anaondolewa Advantage bila kuulizwa.

Kujiandikisha. Dirisha ni miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Anayepokea tayari malipo ya Social Security (pensheni ya serikali) anaingizwa A na B moja kwa moja. Wengine waombe wenyewe. Ukichelewa B bila bima ya kazi, faini ni asilimia 10 ya ada kwa kila miezi 12 kamili, kwa kawaida maisha yote: miaka miwili ni dola 40.58 zaidi kila mwezi kwa viwango vya 2026. Faini ya D ni asilimia 1 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Aliye na bima ya kazi ya sasa, yake au ya mwenzi wake, anaweza kusubiri, na kazi ikiisha ana miezi 8 ya kujiunga na B. Bima ya COBRA, ile ya kazini unayoendelea kuilipia mwenyewe baada ya kuacha kazi, haihesabiki kuwa bima ya kazi, na kosa hili limewagharimu wengi. Mwajiri wa watu chini ya 20? Usisubiri, maana Medicare ndiyo inayopaswa kulipa kwanza.

Kwa wazazi walioletwa na watoto wao: miaka ambayo mtoto anafanya kazi na kulipa kodi haiingii kwenye hesabu ya mzazi. Mwenye green card asiye na robo 40, wala mwenzi mwenye nazo, anaweza kuinunua Medicare baada ya kuishi Marekani miaka 5 mfululizo, na mwaka 2026 A peke yake ni dola 565 kwa mwezi akiwa na robo chini ya 30, au 311 akiwa na 30 hadi 39. B juu yake. Ni ghali, hakuna njia ya kulipamba hilo. Kabla ya kununua, pitia Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya jimbo lake na bei za soko la bima la serikali. Wakimbizi nao wazingatie sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025: asiye na uraia wala green card, isipokuwa makundi machache, hapati tena Medicare, na waliokuwa nayo tayari wanaondolewa ifikapo Januari 2027. Mkimbizi anaweza kuomba green card akishakaa mwaka 1, hivyo karatasi hizo zisilale kabatini.

Mwenye kipato kidogo asiruke mpango wa QMB, unaoombwa kwenye ofisi ya Medicaid ya jimbo. Mpango huo unamlipia ada ya B, kiasi ambacho angetoa kabla Medicare haijaanza kulipa, na ile asilimia 20, na daktari wa Medicare haruhusiwi kumdai aliye nao. Mpango mwingine wa wenye kipato kidogo, Extra Help, hupunguza gharama za dawa na kufuta faini ya D.

Mwisho, hospitalini. Mzee anaweza kulala kitandani usiku mitatu, akalishwa na kupimwa, na kwenye karatasi akawa “chini ya uangalizi”, si mgonjwa aliyelazwa. Kwa Medicare ya asili, kituo cha uuguzi baada ya hapo kinalipiwa tu kama kulikuwa na siku 3 mfululizo za kulazwa rasmi, bila kuhesabu siku ya kutoka. Zikiwepo, siku 20 za kwanza ni bure, na ya 21 hadi 100 ni dola 217 kwa siku. Zisipokuwepo, familia inalipa yote. Kila asubuhi muulize muuguzi: “Mzee amelazwa rasmi au yuko chini ya uangalizi?” Akisema uangalizi, mwombe daktari afikirie upya wakati mzee bado yuko wodini. Mkalimani wa Kiswahili ni bure. Omba kabla ya kusaini chochote.