GTX 1080 mbili katika kompyuta moja: hazilipi
Kadi mbili za grafiki za GTX 1080 zilizounganishwa kwa SLI (teknolojia ya mtengenezaji wake, NVIDIA, ya kuzifanya kadi zifanye kazi pamoja) zinapendeza kuzitazama, lakini kwa mchezaji wa leo wa michezo ya kompyuta sioni sababu ya kuzinunua. Wengi hudhani kwamba GB 8 za kumbukumbu ya kila kadi zitajumlishwa kuwa 16, ilhali kwa kawaida kila kadi hubeba nakala ya data zilezile, hivyo mchezo hubaki na GB 8. Kadi hupokezana kuchora fremu, yaani picha mojamoja za mchezo, na zinapopishana vibaya picha hukwamakwama hata kama idadi ya fremu kwa sekunde inaridhisha. Isitoshe, tangu Januari 2021 NVIDIA haiongezi tena wasifu wa SLI (mipangilio inayouwezesha mchezo kutumia kadi zote mbili) kwa kadi hizi, kwa hiyo katika michezo mingi mipya, kadi ya pili hukaa bure tu. Nunua moja yenye nguvu zaidi.