Bedivere au Lancelot, nani alikuwa mtu wa Arthur kweli?

Ukitaja Mfalme Arthur wa hadithi za kale za Uingereza, kati ya mashujaa wake watu akili inaenda kwa Lancelot moja kwa moja, mi nabaki na Bedivere. Lancelot kwa upanga hana mpinzani sawa, ila alikuwa anatembea na Guinevere, mke wa bosi wake, na siku anamwokoa asichomwe moto akawaua Gareth na Gaheris, wapwa wa Arthur, bila kuwatambua, wenyewe hata silaha hawakubeba, ndo ugomvi ukawa mkubwa hapo. Lakini subiri, kwenye vita iliyofuata Bors, ndugu wa Lancelot, alimuangusha Arthur toka kwenye farasi akataka kummaliza, Lancelot akakataa, akashuka akampandisha mfalme tena. Arthur machozi yakamtoka.

Bedivere sasa. Kwenye hadithi za zamani za Wales anaitwa Bedwyr, ana mkono mmoja na bado kwenye mapigano ni balaa. Kwenye kitabu cha Malory, mwandishi Mwingereza, kilichochapwa 1485 ndo anabaki na mfalme aliyejeruhiwa, anatumwa akautupe upanga Excalibur majini. Mara mbili anauficha, anarudi anadanganya eti kautupa, kisa vito vya kwenye mpini! Ya tatu anautupa kweli, mkono unatoka majini unaudaka, unautikisa mara tatu unazama nao. Kwahiyo naye si malaika, ila uongo wake ulikuwa wa usiku mmoja, wa Lancelot wa miaka. Na saa ile ya mwisho Lancelot alikuwa ng'ambo huko Ufaransa.