Hi-Fi Rush: kwa nini mashabiki waliipigania timu, si jina

Hi-Fi Rush, gemu la mapigano linalochezwa kwa kufuata mdundo wa muziki, ilitoka tarehe 25 Januari 2023, siku ileile iliyotangazwa, kwa Xbox Series X/S na kompyuta, bei dola 29.99. Wenye PlayStation 5 waliipata tarehe 19 Machi 2024. Wiki saba baadaye, tarehe 7 Mei 2024, Microsoft, wenye Xbox, ikatangaza kwamba inaifunga studio yake, Tango Gameworks ya Tokyo, iliyolitengeneza gemu hili. Mashabiki waliwaka. Anayetaka kuelewa kwa nini waliwaka namna ile ashike pedi ya gemu kwanza, kwa sababu hoja yao yote imo ndani ya gemu.

Unacheza kama Chai, kijana anayetaka kuwa nyota wa roki. Anakwenda kampuni ya Vandelay kuwekewa mkono wa mashine, kifaa chake cha muziki kinanasa kifuani, na kuanzia hapo dunia nzima inakwenda na wimbo. Miti inacheza, mabomba yanapumua, ngazi zinapanda na kushuka, maadui wanashambulia, vyote juu ya mdundo. Pigo jepesi la gitaa linachukua mdundo mmoja, pigo zito linachukua miwili. Kombo, yaani mfululizo wa mapigo, ikifika mwisho duara linajibana kwenye skrini, na ukibonyeza linapokutana unapata pigo la kumalizia lenye nguvu zaidi.

Uzuri wake uko hapa: ukibonyeza nje ya mdundo, pigo halipotei. Gemu linaurekebisha mwendo wa Chai hadi gitaa litue mahali pake, kwa hiyo hata anayeanza anasikika kama anajua kupiga. Ukibonyeza sawasawa unaongezewa nguvu na alama. Magemu mengi ya muziki yanamwadhibu anayechelewa. Hili linamtuza anayeshika wakati, na ndiyo maana hata mtu asiye na sikio la muziki anaweza kulimaliza.

Kosa linalowaponza wengi ni kubonyeza ovyo. Zipo kombo zinazotaka uache mdundo mmoja upite ndipo uendelee, na mwenye haraka hazioni kabisa. Anza na kombo moja ya mapigo mepesi, izoee mpaka mkono uende bila kufikiri, kisha ongeza ile yenye pumziko. Kukwepa nako kuna mdundo: unaweza kukwepa mara tatu mfululizo ukishika wakati, na ukiwahi au kuchelewa mfululizo unakatika. Baadaye unafundishwa kukinga, na hapo gemu linabadilika, kwa sababu kuna maadui wanaotanguliza mfululizo wa midundo kisha wakutake uurudishe wote kwa kukinga. Wanaoshindwa hapo mara nyingi wanatazama silaha ya adui. Sikiliza mfululizo, uhesabu kimoyomoyo, kisha ujibu.

Wenzako wanakuja mmoja mmoja, Peppermint, Macaron na baadaye Korsica, na kila mmoja ana kinga anayoivunja yeye. Ukimwita anahitaji muda kabla ya kuitika tena, kwa hiyo usimwite Peppermint kwa adui wa kawaida wakati mwenye ngao yuko nyuma yako.

Kabla ya kulaumu gemu, angalia sauti yako. Wimbo wa midundo 150 kwa dakika una sekunde 0.4 kati ya mdundo na mdundo. Spika au hedifoni za Bluetooth zinaweza kuchelewesha sauti kwa sekunde 0.2, yaani nusu ya mdundo, na hapo macho na masikio yanakupa amri mbili tofauti. Nyumba nyingi kwetu zimeunganisha TV na sabufa kwa Bluetooth. Kwa gemu hili tumia waya wa AUX, au chomeka hedifoni moja kwa moja kwenye pedi. Washa hali ya gemu kwenye TV ili ipunguze kuchakata picha. Ukiwa bado unapotea, gemu lina kipimo cha mdundo kinachoonekana chini ya skrini, na kuna hali ya kubonyeza kitufe kimoja ambayo gemu linakuchagulia mapigo. Hakuna aibu kuitumia hatua za mwanzo.

Sasa fikiria kazi iliyopo nyuma ya hayo yote. Mchora mwendo hawezi kuamua peke yake kwamba teke hili lidumu kiasi gani, kwa sababu lazima litue juu ya mdundo. Mtunzi hawezi kubadili kasi ya wimbo bila kuvuruga mapambano ya chumba kizima. Mtengeneza programu anaunganisha pande hizo mbili ili wimbo uzidi kujaa kadiri unavyopigana vizuri, bila mshono kusikika. Tuzo mbili zinasema hivyohivyo: ya ubunifu wa sauti kwenye The Game Awards ya 2023, na ya uhuishaji kwenye tuzo za magemu za BAFTA za Uingereza za 2024. Ujuzi wa namna hii haukai kwenye hati ya umiliki. Unakaa kwa watu waliozoeana, na Tango walikuwa na muda wa kuzoeana: studio ilianzishwa na Shinji Mikami mwaka 2010, ikajulikana kwa magemu ya kutisha, na John Johanas aliyeliongoza hili ndiye aliyeongoza The Evil Within 2 ya 2017. Kutoka kwenye damu na giza hadi kwenye rangi na gitaa bila kupoteza ufundi, hiyo ni timu.

Ndiyo maana mashabiki wenye uelewa hawakudai tu sehemu ya pili. Walidai timu isivunjwe. Walikuwa na sababu ya kuhisi wamedanganywa pia. Aprili 2023 mkuu wa masoko wa magemu ya Xbox, Aaron Greenberg, alisema hadharani kwamba gemu limefanikiwa kwa vipimo vyote muhimu. Siku moja baada ya tangazo la kufunga, ikaripotiwa kwamba Matt Booty, mmoja wa wakubwa wa Xbox, aliwaambia wafanyakazi kuwa kampuni inahitaji magemu madogo yanayoleta heshima na tuzo. Mtu aliyekuwa ametoka kulimaliza gemu dogo lenye heshima na tuzo alisoma maneno hayo na hasira ikapanda upya, na hasira hiyo ilikuwa ya haki.

Jambo ambalo wengi walilisoma vibaya ni hesabu. Gemu lilitangazwa kuwa na wachezaji milioni 3 mwaka 2023. Wachezaji si wanunuzi. Gemu liliingia Game Pass, huduma ya Xbox ya kucheza magemu kwa ada ya mwezi, siku ya kwanza, na anayelicheza kwa ada hiyo anahesabiwa sawa na aliyetoa dola 29.99. Namba kubwa ya wachezaji haiwezi kuilinda studio kama mwenye nayo haoni mapato yake yanaingia wapi.

Wengine walikumbusha mwaka 2014, pale Satoru Iwata, rais wa kampuni ya magemu ya Nintendo ya Japani, alipojikata nusu ya mshahara kwa miezi mitano baada ya mashine yao ya Wii U kufanya vibaya, wakasema Japani hawafukuzi watu. Mfano ni mzuri na unastahili kukumbukwa, lakini haukidhi hapa. Sheria ya mikataba ya kazi ya Japani inataka sababu ya msingi kabla ya kumwachisha mwajiriwa wa kudumu, na mahakama zinapima kama kampuni ilijaribu njia nyingine kwanza. Ila mmiliki wa Tango alikuwa Marekani, na uamuzi wa kufunga ofisi nzima ulitoka huko.

Tarehe 12 Agosti 2024, Krafton ya Korea Kusini, wenye gemu la PUBG, wakatangaza kuichukua Tango Gameworks pamoja na haki za Hi-Fi Rush, timu iendelee na gemu hilo na miradi mingine. Magemu mengine ya Tango, The Evil Within na Ghostwire: Tokyo, yalibaki Microsoft. Kilichookolewa ndicho mashabiki walichokitaja kwa jina: watu na gemu lao, kwa pamoja.

Kasoro zipo. Kuruka kuna uzito, na kwenye sehemu za majukwaa utaanguka bila kuona kosa lako. Kamera ikibanwa ukutani inaficha maadui walio nyuma. Katikati ya hadithi kuna korido ndefu zisizo na pambano, na mfululizo wa kukinga usioweza kuurukia unachosha ukirudiwa mara ya tano. Upande wa hadithi, mabosi, yaani maadui wakubwa, ni wakuu wa idara za Vandelay: uzalishaji, utafiti, ulinzi, masoko, fedha. Zanzo wa utafiti anamwaga pesa hadi bajeti inamkatikia katikati ya vita. Ni sehemu bora ya uandishi wa gemu lote, na baada ya Mei 2024 inauma kuicheza.

Nunua, usikodishe. Anza na ugumu wa kawaida, usiende rahisi, kwa sababu maadui wakifa mapema hujifunzi kombo. Ukimaliza, inafunguka hali ya Rhythm Master inayotaka mdundo wako uwe safi, na nyongeza ya bure ya Julai 2023 inakupa BPM Rush, ambamo wimbo unazidi kuongeza kasi wimbi kwa wimbi. Hapo waya wa AUX unakuwa wa lazima.