Bia nyeusi yenye uchungu wa hopsi kutoka kiwanda kidogo

Bia hii nyeusi, inayotengenezwa na kiwanda kidogo cha hapa nchini na ambayo niliionja katika baa moja ya Westlands, Nairobi, haimfai mnywaji anayetafuta kitu chepesi cha kukata kiu. Ilipomiminwa ilikuwa nyeusi kama masizi, ila glasi ilipoinuliwa kwenye taa ulionekana wekundu wa mbali ukingoni, na povu lake la kahawia hafifu lilidumu hadi nusu ya kinywaji.

Harufu ndiyo iliyonishangaza. Kabla ya shayiri iliyokaangwa, kilichotangulia puani ni maganda ya chungwa na utomvu wa msonobari, dalili kwamba hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na manukato, zilitiwa mwishoni mwa kuchemsha, kwani zikichemshwa kwa muda mrefu huacha uchungu na kupoteza manukato. Mdomoni, kimea kilichokaangwa huleta ladha ya kahawa isiyo na sukari, kisha uchungu wa hopsi hushika ulimi na kukaa. Aliyezoea Guinness atautambua weusi, lakini si ukali huu. (Mhudumu aliileta ikiwa baridi mno, iache kidogo ipate joto ndipo manukato yafunguke.) Gesi ni ya wastani.

Bei iko juu, jambo linaloeleweka kwa kiasi kwa kuwa hopsi huagizwa kutoka ng'ambo, ingawa shayiri hulimwa Narok na Timau. Kwa nyama choma ya mbuzi yenye mafuta inafaa sana. Kwa samaki wa kupaka, nisingethubutu.